Sura ya Tano: Nyimbo za Asili Nyumbani

Watoto wengi wa Afrika Mashariki huanza kuujua muziki wa asili wakiwa mgongoni. Mama, bibi au yaya humfunga mtoto kwa kanga, akatwanga au akafagia huku akiimba, na mtoto hupokea mambo mawili kwa pamoja: sauti inayoingia sikioni, na mapigo yanayomfikia kifuani kutoka mgongo wa aliyembeba. Kabla hajajua hata neno moja la wimbo, mwili wake umeshaujua mwendo wake. Muziki huu hushikwa na mwili kwanza, maneno hufuata. Mzazi anayetaka kuwarithisha wanawe nyimbo za kwao hana budi kuanzia hapo.

Bembelezi, yaani wimbo wa kumlaza mtoto, ina maneno machache yanayorudiwa na sauti inayoshuka polepole. Jina la mtoto huingizwa popote panapofaa, na mara nyingi mtoto huahidiwa kitu ambacho baba au mama atarudi nacho. Lakini bembelezi haikuwa ya mtoto peke yake. Mama aliyekuwa na la kumwambia mumewe, mawifi au mama mkwe, na asiyeweza kulisema mbele yao, alilitia ndani ya wimbo akamwimbia mtoto, na waliokuwa chumba cha pili wakasikia. Ndiyo maana bembelezi nyingi zina huzuni au lawama. Si vizuri kuzisafisha ili zifanane na nyimbo za katuni. Mtoto hulala kwa sauti, na atakapokua atayaelewa maneno na kumjua bibi yake kwa namna nyingine.

Baada ya bembelezi huja nyimbo za michezo. Katika mchezo wa ukuti watoto hushikana mikono, wakafanya duara na kuzunguka wakiimba. Kuna nyimbo za kuruka kamba, za kupigana makofi wawili wawili, na za kumchagua mwenzio aingie katikati. Mwalimu wa nyimbo hizi si mzazi. Ni dada wa miaka tisa au kaka wa kumi, na darasa lake ni uwanja wa nyuma ya nyumba saa za jioni. Watoto hawa hufundishana kwa ukali kuliko mtu mzima yeyote: anayekosea pigo hutolewa nje, na ili arudi ni lazima ajifunze. Familia yenye mtoto mmoja anayeishi ghorofani na kucheza na simu imepoteza kiungo hiki, na mzazi hawezi kukiziba peke yake. Ni lazima awatafute watoto wengine, ndugu au majirani, wa umri unaopishana.

Hatua ya tatu ni hadithi. Ngano nyingi za Waswahili na za makabila ya bara zina wimbo ndani yake. Msimulizi hufika mahali ambapo ndege anataka kusema siri, au msichana aliyefungiwa anamwita ndugu yake, na hapo husimama kusimulia akaanza kuimba, na watoto wote huitikia. Wimbo hurudi mara tatu au nne kadiri hadithi inavyosonga, hata hadithi ikiisha watoto wameshaushika bila kufundishwa. Kwa mzazi anayedai hajui kuimba, huu ndio mlango ulio mwepesi kuliko yote, kwa kuwa hakuna anayemsikiliza kama mwimbaji. Wanachotaka ni kujua kama msichana atatoka.

Mwito na mwitikio

Sehemu kubwa ya nyimbo za ngoma Afrika Mashariki imejengwa juu ya pande mbili. Yupo anayeanzisha, ambaye Wasukuma humwita ningi na Waswahili wengi humwita manju, na lipo kundi linaloitikia. Manju hubadilisha maneno kila mara: hutaja aliyefika, humsifu mwenye shughuli, humchoma aliyekosa. Kundi hurudia kiitikio kilekile. Mpangilio huu unamfaa mtoto kuliko aina nyingine yoyote ya uimbaji, maana unamruhusu kushiriki tangu siku ya kwanza akiwa na sentensi moja tu. Anaitikia kwa mwaka mzima. Kisha siku moja manju ananyamaza ili anywe maji, na mtoto anajikuta ameushika wimbo.

Kosa linalofanywa sana na wazazi na walimu ni kumtaka mtoto aimbe wimbo wote mwanzo mpaka mwisho, kama shairi la kukariri. Wimbo wa ngoma haukutungwa hivyo. Kinachofaa ni mtu mzima kushika upande wa mwito na kumwachia mtoto kiitikio, bila kumsahihisha katikati. Akiitikia mapema, mwito unaofuata utamrudisha mahali pake.

Pamoja na pande mbili za sauti kuna tabaka za mapigo. Ngoma nyingi za ukanda huu hazina pigo moja la kufuatwa na wote. Kila chombo kina pigo lake, na utamu unatoka pale yanapopandana. Jambo hili linaweza kuonyeshwa kwenye mkeka nyumbani bila chombo chochote. Mzazi anahesabu kwa sauti moja hadi sita, mfululizo bila kusita. Yeye anapiga kofi kwenye moja na nne. Mtoto anapiga kwenye moja, tatu na tano. Kwa mizunguko ya mwanzo mtoto atavutwa na makofi ya mzazi na kuliacha pigo lake. Asikemewe. Baada ya siku chache makofi yatakaa: mawili ya mmoja dhidi ya matatu ya mwenzake, na kutoka kwenye mchanganyiko huo linasikika pigo la tatu ambalo hakuna kati yao anayelipiga. Mtoto akilisikia hilo hucheka, na huyo ameanza kuielewa ngoma.

Ngoma zenyewe mara nyingi hupewa majina ya kifamilia. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, huchukua jina lake kutokana na ngoma zake tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zinazohesabiwa kama baba, mama na mtoto, zikisindikizwa na pembe na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, kwa sababu wengi wa wapigaji hodari ni wazee na warithi ni wachache. Miaka miwili kabla ya hapo iliorodheshwa bigwala, muziki wa mabaragumu ya vibuyu wa Wasoga nchini Uganda, uliokuwa umebaki mikononi mwa wakongwe wachache mno. Katika hali zote mbili ala zilikuwa bado zinajulikana na nyimbo zilikuwa bado zinakumbukwa. Kilichokatika ni kamba kati ya mzee na mtoto.

Wagogo na ukoo wa Zawose

Mfano mzuri wa kamba isiyokatika uko Dodoma. Wagogo wanajulikana kwa uimbaji wa sauti nyingi zinazotembea pamoja, na kwa ala mbili hasa: zeze, lenye kibuyu na nyuzi zinazosuguliwa kwa upinde, na ilimba, sanduku la mbao lenye vyuma vinavyobofywa kwa vidole gumba. Ilimba kubwa ina vyuma vingi kuliko vinavyobofywa. Vingine vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe jirani vyao vinapolia. Kwenye ubao wa mbele hutobolewa tundu, likazibwa kwa utando wa buibui, na utando huo hutoa mvumo unaoipa sauti ukwaru wake. Mtoto anayepewa ilimba aishike kwa mara ya kwanza huanza kwa kuutafuta mvumo huo unatoka wapi.

Ngazi ya sauti ya Kigogo ina sauti tano, na haziwiani zote na za kinanda. Mtoto aliyelelewa na kinanda cha shule au cha kanisani anaweza kudhani kuna moja iliyokosewa. Haikukosewa. Mwalimu anayeisogeza ili ilingane na kinanda anafuta kitu ambacho wazee waliupanga wimbo juu yake.

Wanawake wa Kigogo wana ngoma yao, muheme, ambayo kwa mila hupigwa na wao, kila mpigaji akiibana ngoma mapajani. Asili yake iko kwenye sherehe za kuwaingiza wasichana utu uzima, ingawa siku hizi huonekana kwenye harusi, mapokezi ya viongozi na matamasha. Msichana huanza kwa kusimama nyuma ya shangazi zake na kufuata mabega yao. Hakuna anayemwambia mkono upi utangulie.

Mwanamuziki Hukwe Zawose alitoka katika malezi hayo ya Kigogo. Katika miaka ya 1960 aliitwa Dar es Salaam kujiunga na kundi la taifa la ngoma, wakati serikali ya Mwalimu Nyerere ilipokuwa ikirudisha heshima ya sanaa zilizodharauliwa chini ya ukoloni. Baadaye alihamia Bagamoyo, kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Kutoka hapo alizunguka dunia na ilimba yake mpaka alipofariki mwishoni mwa 2003. Lakini kwa sura hii, kazi yake kubwa zaidi ni ile iliyofanyika nyumbani kwake. Watoto, wapwa na wajukuu walikua ndani ya mazoezi, wakibeba ala, wakiitikia, wakicheza. Mwanawe Msafiri alitoa albamu ya Uhamiaji mwaka 2017 akichanganya zeze na ilimba na vyombo vya umeme. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wakijiita The Zawose Queens, walitoa albamu ya Maisha. Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo huo walisikika zaidi kama waitikiaji nyuma ya wanaume. Sasa wao ndio wanaoanzisha. Kuitikia kwa miaka mingi kumbe kulikuwa ni kujifunza kuongoza.

Nyimbo zenye mlango

Si kila wimbo wa asili ni wa kuimbiwa mtoto. Nyiso, nyimbo za jandoni, zilikuwa za waliomo na waliopitia. Nyimbo za unyago husema waziwazi juu ya mwili na ndoa, na zilifundishwa ndani, na kungwi, kwa msichana aliyevunja ungo. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alizipandisha ngoma za unyago jukwaani na kuzipa sifa duniani, na huku nyumbani alibaki kuwa mwalimu wa wari. Hakuona mgongano, kwa maana alijua kipi ni cha jukwaa na kipi ni cha ndani. Mzazi asiyejua tofauti hiyo amuulize mwenye ngoma kabla ya kumfundisha mtoto wimbo aliouokota mtandaoni. Mbolezi nazo, nyimbo za msiba, zina mahali pake, na katika jamii nyingi kuziimba ovyo huhesabiwa kuwa ni kuita msiba.

Nyumba nyingine husita kufundisha nyimbo za asili kwa sababu ya dini. Kusita huko kunastahili heshima, lakini njia hazijafungwa. Pwani, dufu na matari vimekuwa sehemu ya maulidi kwa vizazi na vizazi, na mtoto anayejifunza kuinama na kuinuka na safu anajifunza pigo na adabu kwa pamoja. Upande wa makanisa, Padri Stephen Mbunga alichapisha mwaka 1963 utafiti wake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, katika miaka ileile ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na baada ya hapo ngoma na kayamba vikazoeleka katika ibada za Kikatoliki. Kwaya nyingi za Dodoma hadi leo huimba kwa mahadhi ya Kigogo.

Shule na jukwaa

Shule imeufanyia muziki huu mema na mabaya. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927 chini ya walowezi wa Kizungu, baadaye lilifungua mlango kwa nyimbo za asili, na leo maelfu ya wanafunzi hujifunza nyimbo za makabila yasiyo yao ili washindane. Tanzania Bara, michezo ya UMITASHUMTA ya shule za msingi huwa na ngoma na kwaya pembeni ya riadha na mpira. Bila mashindano haya watoto wengi wa mijini wasingewahi kuvaa njuga.

Hata hivyo jaji hukaa mbele, saa inahesabiwa, na wimbo uliokuwa ukiimbwa usiku kucha hufupishwa kuwa wa dakika chache. Duara huvunjwa ikawa safu inayowatazama watazamaji. Kedmon Mapana, msomi wa muziki ambaye mwenyewe ni Mgogo, amechunguza jinsi watoto wa Kigogo wanavyopokea muziki kijijini na jinsi shule inavyoukatiza upokezi huo. Ukweli huo unaonekana kwa macho katika shule nyingi: mtoto anayecheza vizuri uwanjani kwao husimama kama mti darasani akisubiri kuambiwa mguu upi. Dawa yake si kuacha mashindano. Ni kumwita mzee wa kijiji aje shuleni akae katikati ya duara, mwalimu aitikie pamoja na wanafunzi, na mashindano yaje baadaye.

Familia za mjini zina mahali pa kwenda. Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam na Bomas of Kenya jijini Nairobi vimekuwa vikionyesha ngoma za makabila mbalimbali. Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, ni nyumba ya sherehe za Bulabo za Wasukuma kila Juni, ambako vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kuvuta umati. Chamwino, Dodoma, kuna tamasha la muziki wa Wagogo. Zanzibar, chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kimekuwa kikifundisha taarabu, ngoma na kidumbaki tangu 2002. Watoto wapelekwe mapema, wakati ngoma zinakaushwa kwa moto na wachezaji wanafunga njuga, na siyo wakati wa onyesho tu. Hapo ndipo wanaporuhusiwa kugusa.

Vyombo vya nyumbani

Chombo cha kwanza cha mtoto hakinunuliwi. Kayamba la Wamijikenda lina tabaka mbili za matete zilizoshonwa bapa, na kati yake mbegu. Hushikwa kwa mikono miwili, likayumbishwa ili mbegu zitambae upande mmoja kisha mwingine, huku vidole gumba vikigonga juu. Anayelitengeneza nyumbani atumie punje za mtama au choroko. Asitumie tipitipi, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Zinapendeza, lakini zina sumu kali, na kayamba la mtoto hupasuka. Sanduku la kidumbaki, ambalo ni kasha la chai lililofunikwa kifudifudi, likatiwa fimbo na uzi mmoja, linaweza kutengenezwa na mtoto wa miaka kumi kwa mchana mmoja: akiivuta fimbo uzi unakaza na sauti inapanda, akiilegeza inashuka. Ngoma ya ngozi ingoje mpaka mtoto aweze kukaa nayo bila kuidunda kwa fimbo. Akianza, afundishwe kwanza kulitamka pigo kwa mdomo, kwani mkono haupigi vizuri kisichotamkika.

Lugha ni suala gumu zaidi ya vyombo. Watoto wengi hawazungumzi lugha ya babu zao. Kumwimbia mtoto wimbo wa Kinyaturu au Kitaita asioelewa si kupoteza wakati, mradi aelezwe kwa Kiswahili unasema nini, uliimbwa wapi na nani alikuwa akiuimba. Hali hiyohiyo iko Muscat, London na Toronto, ambako wapo watoto wanaokijua Kiswahili cha jikoni tu. Huko bibi hutuma wimbo kwa sauti ya WhatsApp kutoka Unguja au Mombasa, na mjukuu hurudisha kiitikio. Umbali huchelewesha mwitikio, lakini mwito na mwitikio bado ni vilevile.

Kurekodi

Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuja kuanzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini mwaka 1954, alipita Afrika Mashariki na mashine zake. Miongoni mwa aliowarekodi ni wasichana wa Kikipsigis, waliomwimba Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani waliyemsikia kwenye santuri, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu swala. Rekodi hiyo, Chemirocha, ilisikika duniani kote kabla ya kurudi kwao. Mwaka 2015 maktaba hiyo na Ketebul Music ya Nairobi waliipeleka nyumbani pamoja na nyingine za safari ileile. Baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai, wakongwe sasa, na wajukuu wao wakazisikia sauti za wazee wao walipokuwa vijana.

Leo mashine iko mfukoni mwa kila mzazi. Anayemrekodi mzee amwombe ruhusa kwanza, azime redio, asimkatize. Mwishoni mzee mwenyewe ataje kwa sauti yake jina la wimbo, lugha, mahali alipojifunza, aliyemfundisha, na shughuli uliyokuwa ukiimbiwa. Mtoto awepo chumbani na aitikie, hata akikosea. Na nakala ibaki kwa mzee siku hiyohiyo. Wakipsigis walingoja miaka 65.